Spana Namba 17 Kwenye Plagi Namba 16



Vijana wenzangu, leo naanzia uani kwa mjomba, kichwa kikiwa chini ya boneti. Mliozoea nianze na somo la Dominika mnivumilie kidogo, Injili inakuja.

Likizo iliyopita nilikuwa Dar es Salaam kwa mjomba wangu. Gari lake, Toyota ya injini ndogo yenye plagi nne, lilikuwa linamisi. Ukiwasha linatetemeka kama mtu mwenye homa, ukikanyaga mafuta linasitasita. Mjomba ni mtu wa kujitengenezea mwenyewe, habari za gereji hataki kuzisikia. Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi nalo kutoka Misa. Akafungua boneti palepale, akasema, "Frateri, shika tochi." Koili zikatoka vizuri. Plagi tatu zikatoka. Ya nne ikagoma.

Kwa wasiojua, kwenye injini hizi plagi imezama ndani ya shimo refu. Huioni vizuri, unaipapasa kwa soketi. Plagi zenyewe zilikuwa za kichwa namba 16, yaani milimita 16. Soketi ndefu aliyokuwa nayo mjomba ni namba 17, yenye pembe 12 ndani. Namba 17 kwenye namba 16 inaingia, tena inaingia kwa raha kabisa, na hapo ndipo ilipotudanganya. Zile tatu zilikuwa hazijakaza sana, zikakubali kuzunguka japo soketi ilikuwa inacheza. Mjomba akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. "Si unaona inafanya kazi?"

Ya nne ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena, na kila ikiteleza inakula kona za kichwa cha plagi. Basi akaenda nyuma ya nyumba akarudi na kipande cha bomba la maji, kama mita moja hivi, akakivisha kwenye mpini. Kama mpini ni sentimita 25 na wewe sasa unashika mwisho wa mita moja, mkono uleule unatoa nguvu mara nne ya mwanzo. Ni kanuni ya wenzo, Archimedes aliieleza zamani sana. Ila kanuni hiyo haijali kama spana yako ni sahihi. Nguvu mara nne kwenye spana isiyokaa ni uharibifu mara nne. Nami nimeshika tochi, nasema, "Vuta mjomba, inakuja!" Hakuna kilichokuwa kinakuja. Soketi ilikuwa inajizungukia peke yake.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee mmoja fundi. Alichungulia, akauliza maswali mawili tu: "Mmeanza lini kuivuta? Injini ilikuwa ya moto?" Ilikuwa ya moto. Akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba nyuzi za plagi ni za chuma, lakini silinda hedi inakofungwa ni ya alumini. Alumini ni laini, na ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukilazimisha hapo, plagi inaweza kutoka na nyuzi za hedi pamoja, na shida ya plagi moja inakuwa shida ya injini nzima. Akaiacha ipoe. Akapuliza vumbi shimoni kwa pampu ya baiskeli, uchafu usije ukadondokea ndani ya silinda. Akadondosha mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka plagi. "Haya, kalaleni."

Kulala! Mjomba hakuamini. Asubuhi mzee akaja na soketi yake, namba 16 kamili, ya pembe sita. Ile ya pembe 12 inashika karibu na kona, na kona zikishalika haina pa kushika. Ya pembe sita inakumbatia bapa za kichwa, kwa hiyo hata kilichoumia bado kinashikika. Haikuingia kwa raha. Ilibidi aigonge kidogo kwa kiganja ili ikae. Kisha akazungusha kidogo sana, ikalia kwiii, akairudisha alikotoka. Mafuta tena. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Ilichukua karibu nusu saa, kwa mpini wa kawaida bila bomba, na plagi ikatoka. Siku hiyohiyo mjomba alikwenda Kariakoo kununua soketi namba 16.

Sasa niseme kwa nini nawaandikia haya.

Kuna kijana mmoja (ameniruhusu niandike, bila jina) aliyenifuata baada ya mazoezi ya kwaya mwaka jana nikiwa kwenye uchungaji. Akasema, "Frateri, nimechoka kuungama dhambi ileile." Alikuwa anabeti. Mwanzoni ni mikeka ya mia tano, baadaye mshahara. Siku hiyo alikuwa ameshabeti ada ya mdogo wake, ambayo mama yao alimkabidhi aipeleke shuleni. Katekisimu namba 2413 haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inasema unakuwa mbaya pale unapomnyima mtu mahitaji yake au ya wengine, na inaonya kwamba shauku yake inaweza kumfanya mtu mtumwa. Yeye alikuwa ameshafika kote kuwili.

Mnajua nilimwambia nini? Mimi mwenye digrii ya falsafa nilimwambia, "Kaza moyo. Sali zaidi." Basi akakaza. Alikwenda mbele ya msalaba kanisani akaapa kwamba akibeti tena Mungu amwache. Kiapo kilidumu siku kumi na moja. Baada ya hapo hakuonekana kwaya, hakuonekana Misa. Alikuwa amejihukumu kwa kiapo chake mwenyewe: nimesema Mungu aniache, basi ameniacha.

Lile lilikuwa bomba la maji, ndugu zangu, na aliyempa ni mimi. Pale uani, nikiwa nimeshika tochi, nilimwona yeye, si plagi.

Fungua Marko 9, kuanzia mstari wa 14. Baba analeta mtoto wake mwenye pepo kwa mitume, nao wanashindwa. Msiwadharau. Kwenye Marko 6 walikuwa wametumwa wawiliwawili na walitoa pepo wengi. Walikuwa na uzoefu. Jana ilifanya kazi, leo haifanyi, kama soketi ya mjomba na zile plagi tatu. Yesu anapofika, kabla ya kumponya mtoto anamuuliza baba swali la kifundi kabisa: amepatwa na hali hii tangu lini? Tangu utoto, baba anajibu. Baadaye, ndani ya nyumba, mitume wanamuuliza kando kwa nini wao walishindwa. Hawaambii kwamba hawakukemea kwa sauti kubwa ya kutosha. Anawaambia kuna aina. Aina hii haitoki kwa njia nyingine ila kwa sala.

Mtu atasema, "Si ndicho ulichomwambia yule kijana, asali?" Hapana. Mimi nilimwambia asali *zaidi*, kama mtu anayeongeza bomba. Sala aliyokuwa nayo yule baba ilikuwa ya mtu aliyeishiwa, anayekiri kwamba anaamini na hapohapo anaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Hiyo haina kifua. Kiapo cha yule kijana kilikuwa na kifua kitupu, ndani yake hamkuwa na ombi hata moja.

Nilimtafuta. Ilinichukua wiki mbili kumpata kwenye simu, na nilianza kwa kumwomba msamaha. Halafu nikamuuliza ambalo sikumuuliza mara ya kwanza: imeanza lini? Saa ngapi hasa? Ukiwa wapi? Ikaonekana wazi: Jumamosi jioni, mechi za ligi, peke yake chumbani, mshahara ukiwa kwenye simu. Ni pale tu. Jumanne hana shida kabisa.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kwenye Mazoezi ya Kiroho, anatoa kifaa kidogo kwa kasoro moja iliyokomaa, kinachoitwa utafiti wa dhamiri wa pekee. Asubuhi ukiamka unaazimia kujilinda na kasoro hiyo moja. Si zote, moja. Baada ya chakula cha mchana unapitia saa kwa saa na kutia nukta kwenye mstari kwa kila ulipoanguka. Baada ya chakula cha usiku unarudia kwenye mstari wa pili. Kisha unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, wiki na wiki. Na kila unapoanguka, palepale unaweka mkono kifuani kwa majuto. Anasema unaweza kufanya hivyo hata mbele za watu wasijue unafanya nini. Wengi tunaona daftari la nukta ni mambo ya kitoto. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo seminarini, mpaka nilipolihitaji.

Tena Inyasi anasema adui wa roho ni kama mwanaume mlaghai anayemtongoza binti wa watu: anachoogopa kuliko vyote ni binti kumwambia baba yake. Siri ndiyo kutu yenyewe. Yule kijana alikuwa akiungama, ndiyo, ila kila mara kwa padre tofauti, parokia tofauti, haraka haraka, ili asijulikane. Dhambi zilisamehewa, msiwe na shaka na hilo. Lakini hapakuwa na anayejua habari nzima wa kumuuliza, "Na ile ya Jumamosi?" Tukakubaliana awe na padre mmoja muungamishi, na amwambie mama yake habari ya ada. Hili la pili lilikuwa gumu kuliko yote. Alimwambia. Mama alilia, akakaa siku mbili bila kumsemesha, kisha akamwambia mshahara ukiingia usiku wautume kwa dada yake. Ile programu ya kubeti ikafutwa kwenye simu, na Jumamosi jioni sasa anafanya mazoezi na besi wenzake. Aristotle aliandika kwamba anayenyoosha mti uliopinda huuvuta kuelekea upande wa pili. Na kama deni limekua na usingizi umepotea, tafuta pia mshauri nasaha aliyesomea. Si kukosa imani, kama vile kumwita fundi jirani haikuwa aibu kwa mjomba, ingawa yeye aliona ni aibu.

Hapa mfano wangu unaanza kuchechemea, nikiri. Sakramenti si spana tuliyo nayo sisi mkononi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaziita vyombo kweli, lakini vyombo vya Mungu: ubinadamu wa Kristo ni chombo kilichounganika naye, kama mkono ulivyo wa mwili, na sakramenti ni kama fimbo iliyoshikwa na mkono huo. Kwa hiyo kwenye kitubio si wewe unayejifungua. Umeshikwa. Na zile kona zilizolika, zile mara thelathini ulizoanguka, hazimzuii kukushika, maana hakushiki kwenye kona. Kijana ninayemzungumzia alihitaji kusikia hilo kabla ya daftari lolote: kwamba Mungu hakukipokea kiapo kile, hakumwacha hata dakika moja, na kiti chake kwenye kwaya bado kipo.

Amerudi kwaya. Daftari analo, la kurasa arobaini, ameliandika juu "Hesabu" ili wadogo zake wasilifungue. Mwezi wa kwanza nukta zilikuwa nyingi mpaka akaona haya kunionyesha. Wiki iliyopita zilikuwa tatu, zote za Jumamosi, zote kati ya saa moja na saa tatu usiku. Keshokutwa ni Jumamosi. Atakayesoma hapa, ikifika saa moja usiku asali kwa ajili yake Salamu Maria moja. Mungu anamjua jina.