Mvua ya Kwanza na Kiangazi Kisichotaka Kuondoka



Katika nchi za Ulaya mwaka una majira manne. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba, na miti husimama pasipo jani. Kisha huja majira ya kuchipua. Lakini baridi haikubali kuondoka kwa siku moja. Mwezi wa Machi jua hupasha ardhi, na maua ya kwanza hufunguka. Usiku baridi hurudi kwa ghafula, na asubuhi maua yameungua. Hushindana hivyo kwa majuma mengi, hata mwisho jua hushinda. Ni katika majira hayo Pasaka huangukia huko. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ulitaka Wakristu wote waiadhimishe siku moja, nayo huhesabiwa kuwa Dominika ifuatayo mwezi mpevu wa kwanza baada ya kuanza kwa majira ya kuchipua.

Huku Goma theluji haianguki, ingawa asubuhi nyingine kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, huonekana cheupe kwa mbali. Hata hivyo vita vya namna hiyo vipo huku pia, na kila mkulima wa Sake, wa Rusayo na wa Kibumba avijua. Ni vita kati ya kiangazi na mvua ya kwanza.

Kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti mvua huadimika. Vumbi jeusi hukaa juu ya majani ya migomba. Mapipa yaliyowekwa chini ya mabati ili kukinga maji hukauka, na wanawake na watoto walio mbali na ziwa huenda mwendo mrefu wakiwa na madumu. Maana nchi hii ya mawe ya volkano haina mito, na maji ya mvua hupenya mara moja chini ya mawe. Kisha, mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, jioni moja mawingu hukusanyika, ngurumo husikika, na mvua hunyesha. Udongo hutoa harufu njema. Siku ya tatu majani mabichi yameonekana kando ya njia, na watu wasema, «Kiangazi kimekwisha.»

Lakini hakijaisha. Jua hurudi kali kama mwanzo, na juma moja au mawili hupita bila tone la mvua. Aliyeharakisha kupanda maharagwe yake yote huyaona yakichipua, yakisimama siku chache, kisha yakiinama na kukauka. Je, mvua ile ilikuwa ya uongo? Hapana. Ilikuwa mvua ya kweli, nayo ilitangaza nyingine zitakazokuja. Kiangazi nacho bado kilikuwa na nguvu. Mkulima mwenye akili halaani mvua, wala hatupi jembe lake. Ameweka akiba ya mbegu, na mawingu yakirudi, hupanda tena.

Mambo kama hayo hutendeka katika roho ya mkatekumeni. Siku alipopokelewa, alipotiwa alama ya Msalaba katika kipaji cha uso, moyo wake ulijaa furaha. Aliacha pombe ya kulevya, alipatana na jirani yake, alijifunza sala kwa bidii. Alidhani mtu wa kale amekwisha kufa. Miezi michache ikapita, na kiangazi kikarudi.

Tumfikirie mtu wa namna hiyo. Usiku mmoja mtoto wake ashikwa na homa kali. Jamaa zake wamzunguka na kumwambia, «Sala zako zimekusaidia nini? Nenda kwa mfumu.» Naye, kwa hofu, badala ya kumpeleka mtoto zahanati, aenda kwa mfumu, atoa kuku, na kumfunga mtoto hirizi mkononi. Asubuhi aona aibu. Siku ya mafundisho aukwepa mkutano. Juma la pili aukwepa tena. Akimwona mwalimu njiani, apita njia nyingine. Moyoni ajiambia, «Mambo yangu na Mungu yamekwisha.» Nafasi yake katika benchi yabaki tupu, na wengine hawajui sababu.

Ndugu, hapo ndipo Shetani apata faida kubwa. Kosa la usiku mmoja lingaliweza kutubiwa asubuhi ile ile. Aibu iliyofichwa ndiyo imtoayo mtu katika njia kwa miaka mingi. Mtu huyo asema kwamba mvua ilikuwa ya uongo, kumbe ni yeye aliyetupa jembe kabla ya mvua ya pili.

Bwana wetu Yezu Kristu aliyajua mambo haya. Katika mfano wa mpanzi (Mt. 13) alisema juu ya mbegu zilizoanguka penye mawe. Zilichipua upesi kuliko nyingine, kwa sababu udongo ulikuwa mchache. Jua lilipopanda zikakauka, kwa kuwa hazikuwa na mizizi. Wasikilizaji wengi wa mfano huo huhitaji kuelezwa maana ya shamba la mawe. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa, alilima jana. Lakini na aangalie jambo moja. Jua lililozikausha mbegu za penye mawe ndilo jua lile lile lililozikomaza mbegu za penye udongo mwema. Majaribu huwapata wote, hata Wakristu wa zamani. Tofauti i katika kina cha udongo.

Mkatekumeni aweza kuuliza: «Kama moyo wangu ni jiwe, nitapata wapi udongo?» Jibu liko mbele ya macho yake. Mlima wa Nyiragongo ulitoa moto tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 moto huo ulipita katikati ya mji wa Goma ukafika ziwani, ukaliharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ulipopoa yalibaki mawe meusi, makali kama visu, pasipo hata jani moja. Aliyeyatazama siku zile aliweza kusema kwamba hapana kitu kitakachoota hapo milele.

Lakini Mungu hana haraka ya wanadamu. Miaka michache ikipita, juu ya mawe hayo huonekana kitu cha kijivu, chembamba kama sufi, kisichohitaji udongo, kishikacho umande wa asubuhi. Baadaye kangaga huota katika nyufa. Huota, hufa, huoza, nayo mabaki yake huwa udongo, kijiko kimoja kwa kijiko. Majani hupata pa kushika mizizi, kisha vichaka. Upande wa Sake, ambako moto wa Nyamulagira ulishuka mwaka 1938 hata Ziwa Kivu, mtu huyaona leo majani na vichaka juu ya mawe ya moto ule. Hakuna mvua moja iliyofanya kazi hiyo. Ni mvua nyingi, na vitu vidogo vingi visivyotazamwa na mtu.

Ndivyo udongo wa roho unavyofanyika. Sala fupi ya asubuhi kabla ya kushika jembe; ishara ya Msalaba iliyofanywa kwa heshima; tusi lililozuiliwa kinywani; kikapu cha viazi kilichopelekwa kwa mjane pasipo kutangaza; fundisho lililosikilizwa vema hata siku ya uchovu: haya ni kama yale majani madogo yaangukayo juu ya jiwe. Kila moja ni kitu kidogo. Yakijikusanya, neema ya Mungu hupata mahali pa kushika.

Kwa sababu hiyo ukatekumeni ni mrefu, na wale wanung'unikao kwamba Mapadri huchelewesha Ubatizo hawajafikiri. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha mwaka 1868 Shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadri Weupe, aliagiza kwamba mtu mzima asiye katika hatari ya kufa asibatizwe kabla ya miaka minne ya majaribio na mafundisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, mwaka 1963, uliamuru ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa ngazi zake. Mama Kanisa hamnyimi mtoto wake chakula. Anangoja udongo upate kina.

Mtazameni Mtakatifu Augustino, Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, alimwingiza katika ukatekumeni tangu utoto. Hata hivyo hakubatizwa mpaka Pasaka ya mwaka 387, mjini Milano, kwa mkono wa Mtakatifu Ambrosi, naye alikuwa na miaka 32. Katika kitabu chake kiitwacho Maungamo aeleza jinsi akili yake ilivyokwisha kusadiki, huku mazoea yake ya zamani yakimrudisha nyuma siku kwa siku. Alitaka na hakutaka. Lakini mama yake hakuacha kusali, wala Mungu hakuacha kumwita. Mtu aliyekawia hivyo akawa Askofu na Mwalimu wa Kanisa.

Basi, mkatekumeni aliyeanguka afanye nini? Kwanza, asikawie. Hawezi bado kupokea Sakramenti ya Kitubio, kwa maana Ubatizo ndio mlango wa Sakramenti zote. Lakini aweza kupiga magoti saa ile ile, na kufanya tendo la majuto kwa upendo wa Mungu. Pili, aondoe chanzo cha kosa: hirizi ifunguliwe na kutupwa, deni lilipwe, rafiki mbaya aachwe. Tatu, aende kwa mwalimu wake au kwa Padri, aseme kweli bila kuficha, na arudi katika nafasi yake. Nao wenzake wasimcheke. Anayemcheka ndugu aliyekauka leo hajui jua la kesho litapiga shamba la nani.

Tena mtu asidhani kwamba siku ya Ubatizo vita vyote vitakoma. Maji yale matakatifu huondoa dhambi ya asili na dhambi zote alizozitenda mtu, nayo humfanya mwana wa Mungu. Lakini maelekeo ya ubaya hubaki, ili apigane nayo akisaidiwa na neema. Hata mashamba ya Goma, baada ya mvua nyingi za mwisho wa mwaka, hupata tena jua la Januari na Februari. Mkulima hashangai. Ajua kwamba mvua zitarudi, naye husafisha shamba lake akizingoja.

Wapendwa, nafasi ikionekana tupu katika benchi la mafundisho Dominika hii, mmoja wenu na aende jioni hata nyumbani kwa ndugu yule. Asiende kumhukumu. Aketi naye, amsalimu mtoto, amwambie kwamba anangojwa. Pengine neno hilo ndilo mvua ya pili ambayo Mungu alitaka kumpelekea.

Bikira Maria, Mama wa neema, awaombee wote wanaongoja Ubatizo, wapate kudumu mpaka mwisho. Amina.