Yafaa Kuketi Kando ya Mzazi Aliyekosa?

Mmoja wenu aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Dada yake anakaa Uingereza, katika mji mkubwa, na huko ana jirani aliyetoka huku kwetu mashariki ya Kongo. Jirani huyo amechukuliwa watoto wake wawili na serikali, kwa sababu aliwaacha peke yao usiku mara nyingi, na mdogo aliungua kwa maji ya moto. Sasa mama yule amemwomba dada aende naye barazani mbele ya hakimu, aketi karibu naye tu. Dada anaogopa. Anasema: «Nikiketi kando yake, watu watafikiri nimekubali kosa lake. Na watoto je, nani ataketi kando yao?»

Swali hili si dogo, wala tusilijibu mbiombio. Asiyejua njia ya kesi hawezi kupima wajibu wa mtu aliye ndani yake. Basi, tutazame kwanza mambo yanavyokwenda huko.

Uingereza wana sheria ya watoto ya mwaka 1989. Mwanzoni mwake limewekwa neno zito: hakimu akikata shauri juu ya malezi ya mtoto, heri ya mtoto itangulie mambo mengine yote. Machozi ya mama, madai ya baba na heshima ya ukoo huja nyuma. Lakini sheria hiyohiyo yaweka na kizuizi. Haitoshi kusema wazazi ni maskini, wala haitoshi kusema nyumba nyingine ingemlea mtoto vizuri zaidi. Ili serikali ipewe mtoto, ni lazima ithibitike kwamba ameumizwa sana, au yumo katika hatari ya kuumizwa sana, na kwamba sababu ni malezi anayopata, au kwamba mtoto mwenyewe amewashinda wazazi.

Wanaochungulia mambo hayo ni watumishi wa jamii walioajiriwa na serikali ya mji. Huja nyumbani, huuliza walimu na waganga, huandika. Hofu ikizidi, hupeleka shauri kwa hakimu. Mbele yake mtoto hupewa mtu wa kumwangalia, na avoka wake mwenyewe. Kwa hiyo dada asihofu kwamba watoto wameachwa bila mtu wa kuketi upande wao. Wazazi nao, katika kesi ya namna hii, hupewa avoka bila malipo. Na tangu sheria ya mwaka 2014 kesi yapaswa kumalizika katika majuma 26, isipokuwa hakimu ameona ni lazima kuongeza siku.

Majuma 26 ni nusu ya mwaka. Ninyi wakulima mnajua kwamba hata mihogo mingi haikomai kwa muda huo. Lakini mama anayeshikwa na pombe, au aliyezoea kumfuata mwanamume mkatili, anatakiwa katika miezi hiyo sita aonyeshe kwamba moyo wake umegeuka na nyumba yake imetulia. Siilaumu sheria. Mtoto mchanga hawezi kungoja miaka mitatu ili ajue mama yake ni nani. Nasema tu kwamba muda ni mfupi, na anayepoteza juma moja amepoteza kitu kikubwa.

Labda utasema: «Mama ana avoka, ataka mtu gani tena?» Nakujibu: avoka anajua sheria, lakini haendi nyumbani na mama yule. Usiku mama yuko peke yake jikoni na rundo la karatasi, na ndani yake maisha yake yote yameandikwa na watu wasiomjua, kwa lugha asiyoizoea. Barazani watamletea mkalimani. Jikoni mkalimani hayuko.

Kuna kisa cha mwaka 1970 ambacho wanasheria wa Kiingereza hukitaja hata leo. Bwana mmoja, McKenzie, alikuwa katika kesi ya talaka. Msaada wa serikali wa kumlipa avoka ulikuwa umekoma, naye akabaki peke yake. Kijana mmoja mwanasheria wa Australia, asiye na ruhusa ya kusema katika mabaraza ya Uingereza, akaja kuketi kando yake amsaidie kwa kunong'ona. Hakimu akamkataza. Kijana akaondoka, na McKenzie akaendelea bila msaada wa mtu. Baadaye alikata rufani, na mahakimu wa juu wakasema kwamba yule wa kwanza amekosea: mtu yeyote, awe mwanasheria au asiwe, aweza kuketi kama rafiki wa mwenye kesi, kuandika yanayosemwa, na kumpa shauri kwa sauti ndogo. Wakaamuru kesi isikilizwe upya. Tangu hapo mtu wa namna hiyo huitwa «rafiki wa McKenzie».

Tazameni ukubwa na udogo wa kazi yake. Hawezi kumjibia mwenye kesi. Hawezi kuwauliza mashahidi maswali, wala kumhutubia hakimu, isipokuwa hakimu mwenyewe amempa ruhusa. Akileta fujo, atatolewa nje. Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo hamtashangaa. Msimamizi wako atasimama karibu nawe siku ile, lakini maswali ya padri utayajibu wewe, kwa kinywa chako, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba msimamizi amesimama bure.

Haja ya marafiki wa namna hiyo iliongezeka tangu mwezi wa Aprili 2013, serikali ilipoondoa msaada wa fedha za avoka katika kesi nyingi za baba na mama walioachana na kugombania watoto. Wazazi wengi wakaanza kwenda mbele ya hakimu mikono mitupu. Na penye haja hiyo wakatokea pia watu waliogeuza urafiki kuwa biashara, wakidai malipo kwa shauri wasilolijua vizuri. Mwaka 2016 mahakimu wakuu waliuliza maoni ya watu, kama yafaa kuyakataza malipo hayo. Mimi simkatalii mtu nauli yake ya basi. Lakini mtu ambaye mfuko wake hujaa kesi ikirefuka, simwiti rafiki.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Je, kumkalia karibu aliyekosa ni kulikubali kosa lake?

Wengine hujibu kwamba msindikizaji awe mtu safi tu, asiye na doa katika malezi yake. Nafikiri wamekosea. Mama aliyechukuliwa watoto husikia maneno ya watu safi mchana kutwa, kwa mwalimu, kwa mganga, kwa mtumishi wa jamii. Asichokisikia ni sauti ya mtu aliyekwisha kuketi kwenye kiti kilekile akaondoka mzima. Katika mji wa New York ziko ofisi za mavoka zinazowaweka pamoja avoka, mtumishi wa jamii na mzazi ambaye naye alipita katika kesi kama hiyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, juu ya jamaa zaidi ya 9,500, ulionyesha kwamba watoto wa wazazi waliosaidiwa na watu hao pamoja walikaa mbali na nyumbani siku 118 pungufu, kwa wastani wa miaka minne, kuliko watoto ambao wazazi wao walikuwa na avoka peke yake. Wala haikuonekana kwamba waliongezewa hatari. Siwezi kusema ni kazi ya mzazi yule peke yake, maana walikuwa watatu. Lakini hakuwa mzigo.

Nipeni nafasi ya kuleta mfano. Tuseme mama yetu ameruhusiwa kuwaona watoto Jumanne na Ijumaa, saa moja na nusu, katika chumba cha serikali, na mtumishi ameketi pembeni akiandika. Siku ya kwanza mtoto mdogo analia na kumkataa. Mama anatoka nje akitetemeka. Anasema: «Sirudi tena. Wananitazama kama mwizi.» Rafiki wa uongo atamwambia: «Umesema kweli, ni dharau, usirudi.» Maneno hayo ni matamu, nayo yatamnyang'anya watoto. Yule aliyepita njia hiyo atasema: «Mimi nami nilitazamwa hivyo. Ijumaa nenda. Ukienda, ataandika kwamba ulikuja. Usipokwenda, ataandika kwamba hukuja, na hakimu atasoma hilo.» Kisha atamwuliza kama ana nauli, na kama amefikiri mchezo gani wa kucheza na mtoto akikataa kushikwa. Majuma matatu ya hasira ni sehemu ya tisa, au karibu, ya muda wote aliopewa.

Je, mtu huyo amelikubali kosa? Hakusema hata neno moja la kulisifu. Amemrudisha mama kwenye chumba ambamo kosa lake hutazamwa.

Likiwapo kosa la serikali, nalo lisinyamaziwe. Watumishi ni wanadamu. Huchoka, huchanganya majina, huandika mambo waliyosikia kana kwamba waliyaona. Hapo kelele hazisaidii. Msindikizaji aandike tarehe, atunze barua, na mama ampe avoka yote.

Liko jambo gumu zaidi, nalo ndilo lililonizuia kujibu siku ile. Usiku mmoja mama atamfungulia dada moyo wake. Atasema kwamba yule mwanamume aliyempiga bado anakuja nyumbani, na kwamba amemficha hakimu jambo hilo. Dada afanye nini? Akinyamaza, mtoto aweza kurudishwa katika mkono wa yule mtu. Akisema, mama ataona amesalitiwa na mtu wa mwisho aliyemwamini.

Nimelifikiri sana neno hili. Siri ya aibu ya mama ni ya mama, na mwenye kuitangaza sokoni amefanya dhambi. Lakini hatari ya mtoto haiwezi kuwa siri ya mtu yeyote. Dada si padri katika kitubio. Masikio yake hayakufungwa kwa muhuri. Kwa hiyo nasema: tangu siku ya kwanza, kabla ya kupokea siri hata moja, amwambie mama wazi, «Mengi nitayatunza, lakini nikijua kwamba mtoto yumo hatarini, sitanyamaza.» Kumvuta mtu aseme yote na halafu kumgeuka ni hila. Na siku neno hilo likitokea, ampe mama nafasi kwanza: «Kesho asubuhi mwambie avoka wewe mwenyewe, nami nitakuwapo. Usiposema, nitasema mimi.» Na kama mtoto yumo katika hatari usiku huohuo, asingoje asubuhi. Huenda urafiki utakufa hapo. Sijaona njia ya kuuokoa kwa hakika, wala siwezi kumficha dada gharama hiyo.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Sheria ya New Zealand ya mwaka 1989 iliweka kikao cha jamaa kabla ya kukata shauri la mtoto, na desturi hiyo iliongozwa na Wamaori, wenyeji wa nchi ile, ambao kwao mtoto ni wa ukoo mzima. Wazee, shangazi na wajomba hukaa pamoja, huachwa peke yao wazungumze, kisha huleta shauri lao. Chama cha London kiitwacho Family Rights Group, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa kuwashauri wazazi na jamaa, kiliingiza desturi hiyo Uingereza miaka ya mwanzo ya 1990. Mabibi zetu wangecheka kusikia kwamba Ulaya ilisafiri mpaka upande wa pili wa bahari ili kujifunza hayo! Huku Kongo nasi, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 iliweka mabaraza ya watoto, na mzazi anayeitwa huko hutetemeka vilevile.

Basi, dada na aende. Achukue daftari na kalamu mbili. Awahi kufika, maana katika kumbi zile watu hungoja saa nyingi, na kungoja ndiko kunakovunja moyo. Alete chakula. Asimwahidi mama kwamba watoto watarudi, kwa sababu hajui.

Na hakimu akikata shauri kwamba hawatarudi? Siku hiyo wengi huagana na mama mlangoni, wakifikiri kazi imekwisha. Watoto wakipewa wazazi wengine kwa sheria, mara nyingi mama huruhusiwa kuwaandikia barua, labda moja kwa mwaka, ipitie mikononi mwa serikali. Barua hiyo isiwe na lawama wala ahadi, na mtoto aweze kuisoma bila kuogopa. Mama atakaa mezani na karatasi nyeupe mbele yake, asijue aanze kwa neno gani. Hapo dada avute kiti.