KUWATAJA WAFU WA CHUO: BAINA YA SITARA NA UKWELI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kubaki baada ya viumbe vyote kutoweka. Na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: ni desturi katika vyuo vya pwani wanafunzi wa zamani kukusanyika, wakawasomea khitima walimu wao na wenzao waliotangulia mbele ya haki. Kisha husimama mtu akataja khabari zao: fulani alisoma kwa nani, alisomesha nini, alikufa lini. Jambo hili ni jema. Walakini ndani yake mna suala ambalo watu hulipita bila ya kulitazama. Mwenye kusimama kumtaja maiti, je, ana haki ya maiti peke yake shingoni mwake, au ana haki ya ukweli pia? Na haki mbili hizo zikigongana, itangulizwe ipi?

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa Mtume S.A.W. ameamrisha yatajwe mazuri ya wafu na watu wajizuie na mabaya yao. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Wengi hufika hapo wakasimama, wakadhani wamepewa rukhusa ya kumpamba kila aliyekufa kwa kila pambo. Lakini kutaja mazuri si kuzua mazuri. Aliyeamrishwa kutaja ameamrishwa kutaja kilichokuwapo.

Tena imo katika Bukhari na Muslim ya kuwa lilipitishwa jeneza watu wakalisifu kwa wema, likapitishwa la pili wakalitaja kwa ubaya. Na kwa kila moja Mtume akasema limewajibika, yaani la kwanza pepo na la pili moto, kwa kuwa waumini ni mashahidi wa Mungu katika ardhi. Basi kumsifu maiti ni kutoa ushahidi, na ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa. Na Uthman bin Madhun alipokufa, mwanamke mmoja wa Kiansari alishuhudia ya kuwa Mungu amekwisha mkirimu. Mtume akamwuliza amelijuaje hilo. Uthman alikuwa mtu mwema bila ya shaka. Lakini mwisho wa mja haujui ila Mola wake. Kwa hiyo atajwe mwalimu kwa aliyoyatenda, wala asikatiwe hukumu ya akhera.

Wanavyuoni wa Kishafi waliujua uzito wa jambo hili. Taj al-Din al-Subki, aliyekufa mwaka 771 H (1370), alikusanya khabari za maulamaa wa madhehebu tabaka kwa tabaka. Mwalimu wake alikuwa al-Dhahabi, aliyekufa mwaka 748 H (1348), bingwa mkubwa wa khabari za watu. Subki alimheshimu mwalimu wake, na pamoja na hayo aliandika wazi ya kuwa mwalimu huyo huegemea upande anapowataja wasiokuwa pamoja naye katika itikadi. Kisha wakaja wengine wakamlaumu Subki mwenyewe. Hapa pana mazingatio: mapenzi na chuki vyote viwili hupinda kalamu, wala elimu nyingi haimkingi mtu nalo.

Ama makosa ya maiti, yafaa yagawanywe mafungu matatu. La kwanza ni lililo baina yake na Mola wake. Hilo lisitiriwe, wala hapana faida ya kulifukua. La pili ni kosa katika elimu, kama riwaya dhaifu aliyoisomesha au fatwa aliyokosea. Hilo lisahihishwe kwa adabu, kwa kuwa kunyamaza ni kuwakhini walio hai. Naye Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 H (1277), ameeleza ya kuwa kubainisha udhaifu wa wapokezi wa hadithi ni jambo la halali, bali huwa wajibu kwa haja. La tatu ni haki za watu: deni, amana, mali ya wakfu wa chuo, au mwanafunzi aliyepigwa kupita mpaka. Hilo halifutwi kwa sifa. Deni hulipwa katika mali aliyoiacha kabla ya kugawanywa mirathi, na aliyedhulumiwa huombwa msamaha kwa upole. Ama kumkalisha mtu aliyedhulumiwa, akasikizishwa hadharani ya kuwa marehemu hakumdhulumu mtu kamwe, ni kumdhulumu mara ya pili.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lisahauliwalo zaidi. Alikuwako mtu mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume. Katika riwaya nyingine ni mwanamke. Akafa, akazikwa bila ya Mtume kuambiwa, kana kwamba watu waliliona jambo lake dogo. Mtume akamwulizia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia. Basi chuo kitajacho masheikh zake na kikamwacha mchota maji, na mama aliyewapikia wanafunzi, na kijana aliyekufa kabla hajahitimu, hakijaifuata sunna hii.

Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir walifariki Unguja mwaka mmoja, 1925. Khabari zao na za wenzao zimehifadhika kwa kuwa wako waliojitaabisha kuandika. Na katika hao ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyefariki mwaka 1982, ambaye kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika kimepigwa chapa. Asiyeandikwa hufa mara mbili katika ndimi za watu, ingawa kwa Mungu hapotei.

Kwa hiyo kila chuo na kiweke daftari. Na yaandikwe yaliyojulikana kwa yakini, pamoja na jina la aliyeyasimulia; yasiyojulikana yaachwe; sitara iwe kwa aibu, si kwa haki za watu; na jina la mfagizi liandikwe kwa wino ule ule wa jina la sheikh.

Mwenyezi Mungu awarehemu walimu na wanafunzi waliotangulia, waliotajwa na wasiotajwa. Amin. Wallahu aalam.