Mkalimani Aliyepunguza Maneno

Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na la kuandika.

Miaka michache iliyopita tulipokea wageni kutoka Ulaya, watu wa usharika rafiki, hapa kwetu Getanuwas, wilaya ya Hanang. Walikuja na upendo wa kweli. Walikula tulichowapikia, wakaimba nasi, wakapiga picha na kuwatumia jamaa zao kabla hata hatujaondoa vyombo. Mchana tukawapeleka kwa mzee mmoja Mbarabaig, jirani yetu, ambaye si mshirika wa kanisa lolote lakini huwa hakosi kuja tunapofiwa. Mimi ni Mwiraqw, ila nilichunga ng'ombe na watoto wa Kidatooga, hivyo lugha yao ninayo. Mzee alisema kwa Kidatooga, mimi nikaleta kwa Kiswahili, na mwalimu kijana akapeleka kwa Kiingereza. Lugha tatu kwenye benchi moja chini ya mti.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliuliza: Mzee angependa tumwombee nini? Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Waulize, kwao watu wakilima juu ya kaburi la baba yao, huwa wanakwenda kuomba wapi?"

Nikamgeukia mwalimu nikasema: "Mzee anashukuru kwa ujio wao, na anaomba tuombee mvua."

Wageni walitabasamu, wengine wakapiga makofi. Mzee akanitazama. Kiswahili chake ni kidogo, lakini neno mvua analijua.

Msomaji asiyetoka huku huenda asielewe swali lile lilitoka wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu ilitaka nchi ijitosheleze kwa ngano, na Kanada ikakubali kusaidia. Katika tambarare za Basotu yalifunguliwa mashamba saba chini ya shirika la NAFCO, jumla yake kama ekari 100,000, yakiwa na matrekta, mbegu na wataalamu kutoka Kanada. Ngano ilivunwa kweli, na mikate ikaliwa mijini. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho bora kuliko yote ya Wabarabaig, yale wanayoyaita muhajega. Wao hawakai mahali pamoja mwaka mzima; huhamisha mifugo kwa kufuata mvua na majani, na eneo moja hupumzishwa ili lingine lilishwe. Mtaalamu akifika wakati mifugo imehama huona ardhi tupu. Akiandika kwamba ardhi haitumiki, hasemi uongo kwa macho yake. Ila hajamwuliza mtu.

Na palikuwa na makaburi. Mdatooga aliyeheshimika, mwanamume au mwanamke, akifa akiwa mzee hufanyiwa bung'eda. Si mazishi ya siku moja. Watu wa koo hukusanyika, kaburi hujengewa kilima cha udongo na miti, na shughuli huendelea kwa miezi mingi hadi siku ya kufunga. Baada ya hapo kilima hushuka taratibu na mvua, mti hukua, na mgeni akipita haoni kitu. Mwenyeji anajua ni nani yuko pale, na hurudi kuomba. Baadhi ya makaburi ya namna hiyo yalipitiwa na jembe.

Watu walilalamika. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kuishitaki NAFCO, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu ambayo, pamoja na mambo mengine, ilisema hawakuthibitisha kwamba wote walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria. Mimi si mwanasheria na sibishani na hukumu. Nasema tu kwamba kwa Mbarabaig, ushahidi wa kwanza wa uenyeji ni kaburi, na ushahidi huo ulikuwa chini ya ngano. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, malalamiko yao yaliandikwa kuwafikia wananchi wa Kanada wenyewe, na huko baadhi walishtuka kusikia fedha zao za msaada zimefanya nini. Yaani ilichukua karibu miaka ishirini neno la mchungaji kufika mahali ambako trekta lilitoka.

Leo mambo ni ya kasi nyingine. Maporomoko ya tope yalipoteremka kutoka Mlima Hanang na kuipiga Katesh tarehe 3 Desemba 2023, wakafa watu zaidi ya 80, picha zilienea duniani siku hiyo hiyo, na sala na misaada ikaja. Tunamshukuru Mungu. Kwa hiyo wapo wanaosema utandawazi umemaliza tatizo la zamani: sasa kila mtu anasikika. Nami nilikuwa nikisema hivyo, hata kwenye mahubiri, mpaka siku ile ya benchi. Kwa maana siku ile hapakukosekana chombo chochote. Simu zilikuwepo, mtandao ulishika, wakalimani tulikuwa wawili, na wageni walikuwa wameuliza wenyewe, tena kwa moyo safi. Bado swali la mzee halikuvuka. Aliyelizuia hakuwa Mkanada wala shirika. Ni mimi, mwinjilisti.

Nimejitetea sana moyoni, na utetezi wangu si wa kipuuzi. Kwanza, wageni wale hawakutoka Kanada wala hawakulima kaburi la mtu; kuwabebesha kosa la wengine kwa sababu tu rangi inafanana ni dhuluma nyingine. Pili, adabu ya mgeni kwetu ni kubwa, na mwenyeji hamtii mgeni aibu mbele ya chakula. Tatu (na hili nalisema kwa sauti ya chini) usharika rafiki ndio unaotusaidia kuezeka kanisa. Sijui kama ile tatu ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Lakini kila nikirudia utetezi huo nakutana na Ibrahimu katika Mwanzo sura ya 23. Sara amekufa, na Ibrahimu hana mahali pa kumzika. Anakwenda kwa Wahiti, watu wa lugha na miungu mingine, na jambo la kwanza analokiri ni kwamba yeye pale ni mgeni. Anainama mbele ya wenye nchi, si mara moja bali mara mbili. Wanamwambia achague kaburi lolote, naye haridhiki na ukarimu wa maneno, anataka bei. Efroni anataja shekeli mia nne za fedha, Ibrahimu anapima fedha mbele ya mashahidi langoni. Nilisoma sura hiyo mara nyingi kwenye mazishi bila kuona kwamba ndani yake watu wanaombana tena na tena jambo moja, wasikilizane. Na yule mwenye ahadi ya Mungu juu ya nchi nzima ndiye aliyeinama kwa ajili ya shamba moja na pango lake.

Ibrahimu aliuliza huku jibu likiwa na uwezo wa kumzuia. Wahiti wangekataa, maiti ya Sara ingebaki mikononi mwake. Hapo ndipo ninapoona tofauti. Mtu anaweza kuuliza akiwa tayari ameshika usukani wa trekta, na swali lake likawa la heshima tupu. Tena anaweza kuuliza kwa upendo, kama yule mama, lakini katikati akakaa mtu aliyeamua kwamba jibu lisilete usumbufu. Hali zote mbili zinaonekana kama mazungumzo. Katika hali ya pili mimi niliwanyima watu wawili: mzee nilimnyima swali lake, na yule mama nilimnyima heshima ya kuulizwa. Nilimfanya kuwa mtu wa kuchekewa tu. Kumbe huenda alikuwa na mabega ya kubeba.

Wala tusidhani hili ni la Wazungu na sisi peke yetu. Sisi Wairaqw ni wakulima, na tulipoongezeka tukasogea kwenye malisho ya Wadatooga, ekari kwa ekari, bila mradi wala matrekta ya Kanada. Hata jina la Wamang'ati, ambalo watu wengi huwaitia kwa Kiswahili bila kufikiri, lilitoka kwa Wamaasai na maana yake ni maadui. Nimelitumia jina hilo nikiwaalika watu kwenye Injili! Kiswahili kilichotuunganisha makabila ya Manyara ndicho pia kilichobeba tusi hilo kutoka kijiji hadi kijiji, na aliyelibeba hakulisikia kama tusi.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, kisha nikaenda kwa mzee nikamwambia nilichofanya. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, nilijua. Nilisema wewe unaogopa njaa." Sikuwa na jibu.

Nikamwomba mwalimu tuandike tena kwa yule mama, safari hii maneno yalivyosemwa, pamoja na maelezo ya kaburi lilikuwa wapi na lilipitiwa na nini, na kwamba yeye hashitakiwi. Tulituma kwa simu jioni ya Jumapili. Zikapita siku nne kimya, nami nikaanza kuhesabu mabati ya kanisa. Siku ya tano jibu likaja, fupi. Alisema amelia, na kwamba hajui watu wanakwenda kuomba wapi. Halafu akauliza: baba yake mzee aliitwa nani?

Nikalipeleka swali. Nilimkuta mkwe wa mzee uani, naye jina alilijua, lakini mwanamke wa Kidatooga hatamki majina ya wakwe zake, akanionyesha kwa mkono nimsubiri mwenyewe arudi na ndama. Mzee aliporudi nikamsomea. Akanitaka nirudie. Kisha akaomba simu, akauliza ni sehemu gani inayosikia, akaisogeza mdomoni na kulisema jina la baba yake mara mbili, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.