Kutu Iliyo Chini ya Gari: Je, Mwenye Kunyamaza Amedanganya?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Ndugu mmoja alitujia na swali baada ya swala. Ana basi ndogo anayotaka kuiuza. Injini nzima, viti vimeshonwa upya, rangi inang'aa. Lakini fundi aliyeiinua garajini alimwonyesha shasi: kutu imekula chuma mpaka bisibisi inaingia. Sasa anauliza: "Mnunuzi ana macho yake. Nikimwambia, itazame mwenyewe, naiuza kama ilivyo, kisha nikanyamaza, nimekosa nini? Sikusema neno hata moja la uongo."

Swali hili si la ndugu huyu peke yake. Ni la kila mtu anayeuza kitu chenye upande wa juu na upande wa chini. Tulitazame polepole.

KWANZA, TUIJUE KUTU YENYEWE

Gari nyingi tunazonunua zimekwisha kutumika miaka mingi ngambo ya bahari. Ubelgiji na Ujerumani, wakati wa baridi kali, watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Magurudumu hurusha maji yale ya chumvi chini ya gari, nayo huingia ndani ya shasi na katika mikunjo ya chuma. Kiisha gari inapanda meli, inashuka Matadi, na nyingine zinapandishwa mto kutoka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, mpaka kwetu Kisangani ambako mvua haina likizo. Chumvi huvuta unyevu. Udongo mwekundu wa barabara zetu huziba vitundu vya kutolea maji na kuyashika kama sifongo. Hivyo chuma kinaoza kutoka ndani kwenda nje. Siku kutu inapoonekana nje, ndani imekwisha kufanya kazi yake.

Lakini si kila kutu ni ugonjwa. Bomba la moshi hushika kutu hata kwenye gari nzuri. Ukikwaruza wekundu na chini yake kikatokea chuma kigumu, hiyo ni kutu ya ngozi. Ikibanduka maganda kama gome la mti, na ukigonga kwa mpini wa bisibisi sauti ikawa ya kufa badala ya kulia, hiyo ni kutu ya mfupa. Tazama mihimili ya shasi, mahali resori zinaposhikwa, chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, na mirija ya mafuta ya breki. Beba sumaku: mahali isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki. Na ukikuta gari ya miaka 20 imepakwa chini kote rangi nyeusi mbichi au mafuta ya vidanji, uliza: imelindwa au imefichwa?

Mnunuzi anayelala chini na tochi asione haya, na muuzaji asikasirike akasema ameshukiwa. Kuchunguza mali si kumdhania mtu vibaya.

RUNDO LA CHAKULA

Imam Muslim ametupokelea kisa kinachojulikana. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita sokoni kwenye rundo la chakula. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Alipomuuliza mwenye mali, yule akajibu kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Tutafakari mambo mawili. La kwanza: yule mtu hakusema uongo. Mvua ilinyesha kweli, na mvua si dhambi ya mtu. Kutu nayo si dhambi ya mtu. Ni kazi ya chumvi na maji. Kosa lilikuwa katika mpango: kikavu juu, kibichi chini. La pili: hakuambiwa kwamba wanunuzi wana mikono, waingize wenyewe. Mzigo wa kuonyesha uliwekwa juu ya yule anayejua.

Basi ndugu yetu ajibiwe hivi: ulimi wako umenyamaza, lakini rangi uliyoipaka inasema. Viti vipya vinasema. Umeiacha mali yako iseme kile ambacho wewe unaogopa kukisema kwa kinywa.

"NAIUZA KAMA ILIVYO"

Je, sharti hili halimwokoi? Katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa cha Abdullah ibn Umar. Zama zile za utumwa alimuuza kijana kwa dirhamu 800, kwa sharti la kutodaiwa aibu yoyote. Mnunuzi akalalamika kwamba kijana ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Shauri likafika kwa Uthman ibn Affan. Uthman hakusema kwamba sharti limemaliza mambo. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuujua ugonjwa ule. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha. Kijana akapona, naye akamuuza baadaye kwa 1,500. Na Malik anaeleza kwamba aliyeijua aibu akaificha, sharti lake halimfai.

Kipimo ndicho hicho: unaweza kuapa? Kuna mtu atakayesema, "Mimi nitaapa, kwa maana sikutazama chini." Ndugu yangu, kwa nini hukutazama? Mtu asiye na habari ana udhuru. Lakini mtu anayemwambia fundi, "usiniambie, nataka kuiuza kesho," huyo anajua tayari. Amefumba macho kwa sababu anajua kilicho mbele yake. Kutojua kwa kupanga ni aina ya kujua.

FUNDI NA KOMISIONERI

Imepokewa kwamba Wathila ibn al-Asqa, Allah amridhie, alikuwapo ngamia akiuzwa. Mnunuzi alipoondoka, Wathila akamkimbilia akamuuliza: unamtaka kwa nyama au kwa kupanda? Yule akajibu, kwa kupanda. Ndipo akamjulisha kwamba ngamia ana tundu ukwatoni, hataweza mwendo mrefu. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Alikuwa mtu anayejua, na hilo lilimtosha.

Fundi aliyeona shasi, na komisioneri anayengoja asilimia yake, nao wanaulizwa. Na swali la Wathila linatufundisha njia: gari hii unaitaka kwa nini? Ukitaka injini, giabox na milango, bei ni hii. Ukitaka kupakia watu kwenda Bafwasende au Buta, haifai. Gari iliyooza bado ina thamani ya halali; haina thamani ya gari nzima.

WASIOKUWAPO WAKATI WA KUUZIANA

Ndugu yetu alisema pia: "Nami niliuziwa hivyo hivyo, nililipa bei ya gari nzima. Nikisema kweli, karo ya watoto itatoka wapi?" Hatutamdanganya kwamba ukweli hautamgharimu. Utamgharimu, pengine nusu ya bei. Ana haki ya kumrudia aliyemuuzia na kumdai. Lakini aliyemdhulumu ni mmoja, na anayetaka kumdhulumu ni mwingine. Deni halilipwi kwa kuiba kwa jirani.

Kisha tukumbuke hawa: mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi, mwenye gunia la mihogo. Wao hawakuwapo wakati wa kuuziana. Hakuna aliyewaambia "kama ilivyo", wala hawakukubali. Mrija wa breki ukipasuka kwenye mteremko, wao ndio watakaolipa. Hata mnunuzi akisamehe aibu yote, hana idhini ya kusamehe shingo za abiria. Hapo ndipo kunyamaza kunapokuwa kizito kuliko uongo wa bei.

Basi tumwambie ndugu yetu: inua gari, mwonyeshe mnunuzi mahali bisibisi inapoingia, kisha mpatane bei. Utapata pesa kidogo, na utasikia basi ile ikipita barabarani bila moyo kushituka.

Allah atujaalie riziki ya halali, na atupe ujasiri wa kusema kilicho chini kama tunavyosema kilicho juu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe ovyo, ukimaliza kusoma mpe mwenzako.)