Kazi Isiyohesabiwa

Liko swali moja nililopenda kuwauliza walimu wanafunzi: je, kazi ni ile tu inayoandikwa kwenye hesabu? Leo nalitafutia mfano ndani ya kompyuta.

Iko hesabu yenye jina la Mfaransa Joseph Fourier. Huchukua wimbi lililochanganyika, mathalani la sauti, na kuonyesha limeundwa na mawimbi gani sahili. Ukiwa na vipimo 1,048,576, njia ya moja kwa moja hudai kuzidisha zaidi ya mara trilioni moja. Mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey walitangaza njia ya kuigawa hesabu kubwa katika ndogondogo, na kazi ikashuka hadi kwenye hatua kama milioni 20. Bandu bandu huisha gogo.

Hata hivyo, hesabu hiyo ilitaja kuzidisha, ikanyamaza kuhusu kubeba. Kumbukumbu ya kompyuta ina ngazi. Iliyo karibu na kichakato ni ya haraka lakini ndogo. Iliyo mbali ni kubwa lakini ya polepole. Njia ya kugawa kwa mbili, ikifuatwa hatua kwa hatua, huzipitia namba zote mara 20. Zisipoenea karibu, kila mara huvutwa upya kutoka mbali, na kichakato hukaa kikingoja.

Mwaka 1990 David Bailey, aliyekuwa NASA, alieleza dawa yake, akijenga juu ya kazi ya Gentleman na Sande ya mwaka 1966. Namba hupangwa katika mraba wa safu wima 1,024 na safu mlalo 1,024. Safu wima chache huletwa karibu, hesabu yake yote humalizwa, ndipo hurudishwa. Kisha namba huzidishwa kwa vigawe maalumu, na safu mlalo hufanyiwa vivyo hivyo. Kuzidisha kunaongezeka kidogo, lakini safari za mbali zinakuwa chache tu badala ya 20, na kazi huisha mapema.

Hapo ndipo penye funzo. Mpishi wa shule hutafuta kuni na maji kabla ya kuinjika sufuria, lakini daftari huandika "kupika" tu. Mama huamka alfajiri na ndoo kichwani, na jioni huulizwa ameshinda akifanya nini.

Wengine watasema tuwasifu wachukuzi hawa. Sifa ni njema, ila haipunguzi uzito wa ndoo. Bailey hakuusifu ubebaji. Aliuhesabu, kisha akaupunguza. Naona haki ina hatua hizo hizo mbili. Asiyeanza na ya kwanza hawezi kufika ya pili, kwani hakuna afupishaye njia ambayo hajui kwamba kuna mtu anayeipita. Na anayeishia kwenye ya kwanza ameandika daftari zuri tu, huku ndoo ikibaki kichwani pale pale.