Kugawa Kisichotosha
(Matendo ya Mitume 6:1–7)



Sura hii yatuonyesha kanisa changa la Yerusalemu likiongezeka kila siku. Tena yatuonyesha manung'uniko ndani yake. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya chakula. Andiko halisemi ya kuwa wagawaji walikuwa wezi, wala ya kuwa waliwachukia wajane wale. Lasema tu ya kuwa walisahauliwa. Basi twajifunza ya kuwa, kitu kikiwa haba, si lazima mtu awe mwovu ndipo amdhulumu jirani yake. Yatosha awatazame walio karibu naye tu.

Neno hili tuliliona kwa macho katika tauni ya UVIKO-19. Mwezi wa Januari 2021 mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza ya kuwa katika nchi 49 zenye mali zilikuwa zimekwisha kutolewa dozi zaidi ya milioni 39 za chanjo, na katika nchi moja ya maskini kabisa dozi 25 tu. Kwetu Tanzania shehena ya kwanza ilifika tarehe 24 Julai 2021, nayo ilikuwa dozi 1,058,400. Na watu wa nchi walipohesabiwa mwaka uliofuata walizidi milioni 61. Serikali ikapanga watangulie watumishi wa afya, na wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi ya kudumu.

Je, ulikuwa mpango wa haki? Wako wasemao, "Watu wote ni sawa, basi atanguliaye kufika apewe." Lakini fikirini. Mwenye duka mjini Kilosa, au kando ya barabara kuu pale Mikumi, aweza kufika hospitalini kabla jua halijawa kali. Mzee wa Vidunda, juu mlimani, hana budi kwanza kuteremka, kisha atafute nauli. Tukiwapa waliotangulia, twawapa wenye miguu mizima na fedha mkononi, wala si walio hatarini. Mwuguzi naye hatangulizwi kwa ajili ya cheo. Akiugua yeye katika zahanati ya kijiji, mama mwenye uchungu na mtoto mwenye homa hukosa msaada. Akikingwa mmoja huyu, wengi wamekingwa nyuma yake. Baadaye wengi walipoiogopa sindano na dawa ikasalia, wauguzi walitoka wakawafuata watu vijijini mwao. Na hiyo pia ni haki, kwa maana mchungaji mwema hangoji kondoo aje mwenyewe.

Iko na shida ya upotevu. Chupa moja ya chanjo ile ya Janssen ilikuwa na dozi 5, na ikiisha kufunguliwa haikuweza kukaa zaidi ya muda wa saa 6, hata ikitunzwa katika baridi. Yafanana na mana ya jangwani, ambayo ilipowekwa hata asubuhi iliingia mabuu. Tuseme jioni imefika, watu 3 wamechanjwa, na wanaostahili kutangulia hawaonekani tena. Je, mwuguzi azimwage dozi 2 kwa kuilinda orodha? La! Dawa iliyomwagwa haimtendei mtu ye yote haki. Lakini asimwite kwa siri ndugu yake, wala mkubwa wa mtaa. Majina ya watakaoitwa yaandikwe mapema, yasomwe mbele ya watu, na aliye dhaifu zaidi aitwe kwanza. Hivyo dawa haipotei, wala upendeleo haupati mlango.

Tena mwezi wa Oktoba 2022, chanjo ya kipindupindu ilipopungua duniani, waliokabidhiwa akiba yake waliamua ya kuwa katika nchi zilizopigwa na ugonjwa kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili, ili wengi zaidi wakingwe, ijapokuwa kwa muda mfupi. Yohana Mbatizaji alimwambia mwenye kanzu mbili neno lisilo mbali na hili.

Sasa tazameni mitume walivyofanya. Hawakuwakemea walionung'unika. Waliamuru wachaguliwe watu saba. Na majina ya wote saba, toka Stefano hata Nikolao, ni ya Kiyunani. Maana yake, kikapu kilitiwa mikononi mwa wale waliokuwa karibu na waliosahauliwa! Nasi katika wilaya ya Kilosa twalihitaji neno hili, kwa maana twajua uchungu uliopo kati ya mkulima na mfugaji, na damu iliyomwagika Rudewa Mbuyuni mwaka 2000. Wagawaji wakiwa wakulima watupu, boma la mfugaji litasahauliwa. Wakiwa watu wa mjini watupu, mjane wa ng'ambo ya mto atasahauliwa.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya lilitangaza ya kuwa hali ya dharura ya UVIKO-19 duniani imekwisha. Lakini uhaba haujaisha. Mto Mkondoa ukifurika tena, yatakuwapo mablanketi machache na unga mchache. Basi, wazee wa kanisa, msingoje siku hiyo. Andikeni sasa ni nani mzee asiye na mtoto, ni nani mgonjwa wa siku nyingi, ni nani akaaye mbali kupita wote. Chagueni wagawaji wenye sifa njema, na katika hao wawepo wale ambao hatujazoea kuwaita. Kisha jiulizeni mbele za Mungu: katika orodha yetu, ni nani tuliyemsahau? Naye Bwana, aliyewahesabu hata nywele za vichwa vyetu, awape macho ya kumwona. Amin.